Siku Mwenyekiti Alipomaliziwa Hotuba

Shule ilikuwa zamani ghala la vitunguu, na vitunguu vyenyewe vilikuwa havijakubali kuhama. Siku za joto harufu ilishuka kutoka kwenye boriti, ikaingia machoni, na watoto wote, wa darasa la kwanza mpaka la sita, wakasoma huku machozi yakiwachuruzika mashavuni. Wageni waliobahatika kufika siku kama hizo waliondoka wakisimulia kwamba hawajapata kuona watoto wenye uchungu wa elimu kiasi kile.

Mwalimu Mkuu hakuwasahihisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye sauti ya kusimamisha lori mteremkoni, na alishajifunza kwamba sifa ukipewa bure unazipokea kwa mikono miwili, basi.

Ghala lilikuwa chumba kimoja kirefu. Wazazi wa mtaa, walioianzisha shule wenyewe kwa jasho lao, walinuia kujenga kuta za ndani mwaka wa kwanza, wakanuia tena mwaka wa pili, kisha wakachoka kunuia. Badala ya kuta, Mwenyekiti wa kamati, ambaye kazi yake ni fundi cherehani, alishona mapazia kwa vitambaa vilivyombakia dukani. La kwanza na la pili walitenganishwa na maua ya waridi. La pili na la tatu walitenganishwa na kitambaa cha suti ya bwana harusi aliyeghairi. Ukifika huko mwisho, kati ya la tano na la sita, palikuwa na bitana tupu, nyepesi kiasi kwamba wa la tano waliweza kunakili kutoka ubao wa la sita bila hata kukaza macho.

Sasa, pazia huzuia macho, na kwa sauti halina ubavu. Na Mwalimu Mkuu alikuwa na namna yake ya kufundisha: kila sentensi aliiacha bila mkia, watoto wautie wenyewe. Akisema, "Maji yakichemka sana yanageuka kuwa…" hapo alinyamaza, akatega sikio. "Mvuke!" wangejibu wa la sita. Lakini mvuke ulijibiwa vilevile na la tano, na la nne, ukashuka pazia kwa pazia mpaka kwa wale wadogo wa la kwanza, ambao hata kujifuta pua walikuwa bado wako kwenye mazoezi. Katoto kamoja kalirudi nyumbani kakamweleza bibi yake kazi za ini. Bibi akaacha kula siku mbili.

Tabia hiyo haikukaa shuleni. Ilitoka nje ikatembea mtaani. Mwuza maziwa, aliyezoea kujisifu mlangoni mwa watu, alisema, "Maziwa yangu mimi hayana…" akasita kidogo kumeza mate, na watoto watatu waliokuwa wakiruka kamba wakamsaidia kwa pamoja: "Maziwa!" Fundi saa naye alimwahidi mteja, "Njoo kesho, utakuta iko…" "Bado!" zikajibu sauti kutoka chini ya meza. Watu wazima wa mtaa ule wakajifunza kuzungumza haraka haraka, kama wanaofukuzwa.

Kicheko kilikuwa kikubwa, mpaka mwaka jana.

Shule ilikomea darasa la sita. Aliyetaka la saba alivuka barabara kuu, akaenda shule kubwa ya ng'ambo, yenye kuta za kweli na walimu wasiopenda mchezo. Wahitimu wa mwaka jana walivuka wakiwa wamepiga pasi mpaka soksi. Siku ya kwanza tu mwalimu wa kule aliwasimamia na fimbo yake, akasema, "Na ole wake mtu yeyote humu ndani atakayethubutu ku…" akanyamaza, awatishe. Watoto wa ghala la vitunguu, kwa heshima zote, kwa sauti safi, wakamsaidia: "Kucheka!" Darasa zima likaangua kicheko. Wakatolewa nje. Kesho yake wakarudi, wakamsaidia tena. Si ujeuri, ndivyo walivyolelewa. Kabla mwaka haujafika katikati, walikuwa wamefukuzwa wote, mmoja mmoja, kwa kosa moja.

Kati yao palikuwa na msichana mmoja, kichwa kilichokuwa kikiwaka kama taa. Sasa anauza vitana stendi, amevipanga juu ya ubao alioufunga shingoni. Kila Mwalimu Mkuu alipopita, msichana aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa ndala. Baada ya kuliona hilo mara kadhaa, Mwalimu Mkuu akawa anarudi nyumbani kwa njia ndefu, ile ya nyuma ya soko, yenye tope.

Na hawa wa la sita wa mwaka huu walikuwa wamekubuhu kuliko wale. Muhula wa tatu Mwalimu Mkuu alijaribu kuwavunja tabia hiyo: wiki nzima alisema sentensi kamili, kichwa mpaka mkia. Watoto walidhani anaumwa. Mwalimu wa wadogo, mama mnene ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, alimletea chai ya tangawizi na kumgusa shingo kama ana homa. Mwalimu Mkuu akanywa chai, akaona dawa iliyobaki ni moja tu: darasa la saba liwe hapahapa. Akaomba kibali. Jibu likaja kwamba Afisa wa Elimu atafika mwenyewe kukagua, na atafika Siku ya Kutazama Nyuma, ile ambayo kila mwisho wa mwaka wazazi hukusanyika na Mwenyekiti huusimulia mwaka wa shule ulivyokuwa.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Maana Mwenyekiti alikuwa hasimulii mwaka. Alikuwa anaushona upya.

Alimwendea dukani. Mwenyekiti alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, kwa hiyo utani baina yao haukuwa na breki.

"Shemeji," alimwambia, "mwaka huu naomba useme ukweli."

Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti anapima suruali ya mteja, pini zimejaa mdomoni. "Ukweli gani tena, shemeji yangu?"

"Sema watoto wetu wamefukuzwa kule ng'ambo. Ndiyo sababu yenyewe ya kuomba la saba."

Akazitema pini kiganjani. "Yaani nisimame mbele ya Afisa, nimwambie watoto wetu wameshindwa kule kwa kukosa adabu, halafu nimwombe anipe ruhusa ya kuendelea kuwafundisha? Una akili wewe? Mgeni anakaribishwa sebuleni, shemeji. Hapelekwi chooni."

"Choo chenyewe hakina mlango."

"Sasa si ndiyo maana nasema!"

Mteja aliyekuwa akipimwa akacheka, akachomwa pini kwa bahati mbaya, au labda si kwa bahati mbaya.

"Utamdanganya, atajua," alisema Mwalimu Mkuu.

"Miaka yote nimewapamba nyinyi, nani kajua?"

"Sote tunajua, shemeji. Tunakuonea huruma tu."

Mwenyekiti akazirudisha pini mdomoni, na hiyo ilikuwa ishara kwamba kikao kimefungwa.

Ikabaki kuwaandaa watoto. Mwalimu Mkuu aliwakusanya wote, akawaambia kwa sauti ya upole, ile wanayoiogopa zaidi, "Kesho Mwenyekiti akihutubia, sitaki mtu wa kumalizia neno. Hata moja. Nyinyi kazi yenu ni kukaa…"

"Kimya!" walimaliza kwa furaha, mapazia yakatikisika.

Alijishika kiuno. Aliona safari ni ndefu.

Siku ilipofika, mapazia yaliteremshwa yakakunjwa, ghala likawa ukumbi. Wazazi walijibana kwenye madawati ya wanao, magoti yakiwafikia kidevuni. Watoto walikaa chini mbele, mstari kwa mstari. Afisa alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sura, kichwa chake hakina hata unywele mmoja, na alikuwa na futi ya kupimia. Alipima mlango. Alipima dirisha. Alipima ubao. Alipima meza ya Shangazi huku Shangazi mwenyewe ameegemea, na Shangazi akauliza kwa nguvu, "Baba, na mimi nimo kwenye vipimo au?" Afisa akaona haya, akaikunja futi yake.

Mwenyekiti akapanda juu ya kreti. Alikuwa ameshona suti mpya kwa ajili ya siku ile, na aliamini kwamba hotuba isiyo na vituo ni kama koti lisilo na vifungo. Kwa hiyo kila sentensi aliisimamisha kabla ya neno la mwisho, akatazama watu, akavuta pumzi, ndipo akalitoa.

"Ndugu Afisa! Ndugu wazazi! Mwaka huu ulikuwa ni mwaka wa…"

Watoto wakabana midomo. Mmoja aliziba wake kwa mikono yote miwili.

"…mafanikio!"

Makofi. Mwalimu Mkuu akashusha pumzi.

"Muhula wa kwanza tulilifungua paa, ili watoto wetu wajifunze elimu ya…" Kituo. Wa la sita wamekaa wima kama watu waliojaza maji mdomoni. "…anga!"

Ukweli ni kwamba upepo ulichukua bati, na bati likapatikana kwa fundi baiskeli likiwa tayari limeshakuwa banda. Fundi baiskeli, aliyekuwa nyuma, alipiga makofi kuliko wote.

"Muhula wa pili tukaanzisha michezo ya majini, humu humu…" Kituo. "…ndani!"

Mvua zilifurika ghala, madawati yakaelea mpaka yakatoka mlangoni yenyewe, yakapatikana mtaa wa pili. Afisa akaandika kitu. Mwenyekiti akavimba.

"Ndugu Afisa, hatuko nyuma kwa teknolojia! Tumepata kompyuta. Ile pale kwenye kona, chini ya kanga. Na tusemapo hapa, kompyuta hiyo imekaliwa na…"

Kituo kilikuwa kirefu mno. Mtoto mmoja wa la kwanza, ambaye mpaka hapo alijikaza kisabuni, hakuweza tena.

"Kuku!"

Ukumbi ukapoa. Mwenyekiti akacheka cheko la mtu aliyekanyagwa. "Watoto, bwana! Nasema imekaliwa na wataalamu."

"Kuku!" walisema wa la pili, kwa sababu jibu la makosa hawakuzoea kuliacha likapita.

"Anaatamia," aliongeza mtu wa la nne, aliyependa majibu kamili.

Mwalimu Mkuu alikuwa na alama yake: akiinua mkono wa kulia, hata nzi ananyamaza. Akauinua. Ulipofika usawa wa bega, macho yake yakawaangukia wa la sita. Walikuwa bado wamebana midomo, maskini, mishipa imewatoka shingoni kwa kumtii yeye. Akawaona wanavuka barabara kuu na soksi zao. Akamwona yule mwalimu wa kule anaanza sentensi.

Mkono ukaendelea kupanda, ukapita sikio, ukafika kichwani, ukatengeneza kilemba. Kilemba chenyewe hakikuwa kimelegea.

Watoto waliona. Watoto huona kila kitu.

"Kwaya yetu," Mwenyekiti aliendelea, akipaza sauti, "imeshika nafasi ya tatu! Ya tatu, ndugu Afisa! Na zilizoshindana ni shule…"

"Tatu!" ghala zima likaitika.

"Wazazi wetu hawalali! Ukuta wa choo kipya unapanda kila siku, na leo hii umefika…"

"Magotini!"

Sasa wazazi wenyewe walikuwa hoi, wameegemeana, wanashika mbavu. "Soma bila kupumua, fundi!" alipiga kelele fundi baiskeli. "Usiwape nafasi!"

Mwenyekiti alilishika shauri hilo kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Akajaza mapafu, akaanza kukimbia na hotuba, haweki kituo, hatazami mtu, maneno yanakanyagana: shukrani kwa kamati, pongezi kwa walimu, tangi la maji, bendera mpya, usafi wa kucha. Kwa kweli alikimbia vizuri. Tatizo ni kwamba hotuba ilikuwa ndefu na mtu ana mapafu mawili tu.

"…na wale waliohitimu kwetu mwaka jana ndugu Afisa vijana wetu wa mfano fahari ya mtaa huu wote bila kubakia hata mmoja hivi sasa wako…"

Pumzi ikakata.

Wazazi waliacha kucheka kama bomba lililofungwa. Wa la sita walitazama vidole vya miguu yao. Kisha kitoto cha la kwanza, mdogo wake yule wa vitana, kikajibu. Hakikupiga kelele. Kilijibu tu, kama mtoto aliyeulizwa swali na analijua.

"Stendi."

Mwenyekiti akashuka kwenye kreti polepole. Alitafuta kitambaa cha kujifuta uso, suti mpya ilikuwa bado haijatobolewa mifuko.

"Stendi wanafanya nini?" aliuliza Afisa.

Mwalimu Mkuu akasimama. "Wanauza, wanabeba mizigo, wengine wanazurura tu. Kule ng'ambo ukimmalizia mwalimu sentensi wewe ni jeuri, unafukuzwa. Hapa ukimmalizia wewe umeelewa somo. Sasa mimi niliwafundisha kuelewa, sikuwafundisha kunyamaza. Nikiwavusha na hawa, utawakuta palepale na wenzao. Ndiyo shida yangu, baba. Hilo paa na hao kuku niachie mwenyewe."

Afisa akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kitana kipya, cha njano. Watu wakakitazama kitana, wakakitazama kichwa chake, wakajizuia.

"Nilipotelemka stendi," alisema taratibu, "nilimwuliza msichana mmoja njia. Nikamwambia, binti, naitafuta shule ya… Nikawa nimesahau jina. Akaniambia, 'Mapazia. Kata kulia, fuata harufu.' Nikaona si ungwana kuondoka bila kununua kitu."

Mwalimu Mkuu alijua kitana kile kimetoka kwenye ubao upi.

"Lakini," Afisa akakirudisha kitana, akafungua kijitabu cha kanuni, na sura yake ikabadilika ikawa ya ofisini. "Kanuni ni kanuni. Inasema kila darasa liwe na chumba chake, chenye kuta nne, mlango na ubao. Nimepima. Nyinyi mna chumba kimoja. Mapazia hayahesabiki, tena leo hata hayapo. Kwa hiyo kwa macho ya ofisi, shule hii haina madarasa sita. Ina darasa moja. Siwezi kuliongeza la saba juu ya moja."

Manung'uniko yakapita kwenye madawati. Mwenyekiti alishika kichwa. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amekunja uso kama anayepiga hesabu.

"Kwa hiyo tuna darasa moja," alisema.

"Moja tu. Naandika hivyo."

"Na hilo moja linaruhusiwa?"

"Hilo halina tatizo. Lina kuta nne, lina mlango."

"Kanuni imesema ni lazima liwe la kwanza?"

Afisa akalamba kidole, akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akarudi mwanzo, akapitia mpaka jalada la nyuma. Kijasho kikaanza kung'aa kichwani, mahali ambapo kitana kisingekifaa kitu.

"Haikusema," alikiri.

"Basi andika la saba."

"Mama, lakini…"

"Wewe ndiye umesema kanuni ni…"

"Kanuni!" watoto wakamalizia, na Afisa, wala hakujua kilichompata, akajikuta amelitamka pamoja nao.

Akaanza kuandika, kalamu inasitasita. "Na hawa wadogo? Huyu hapa ana miaka sita."

"Naye yuko la saba."

"Akifeli mtihani?"

"Atarudia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka miguu yake ifike chini akikaa kwenye dawati," alisema Shangazi. "Andika, baba, tusikucheleweshe gari."

Mhuri ukapigwa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na vumbi la zamani la vitunguu likadondoka kutoka kwenye boriti likawaingia watu machoni, hivyo haikujulikana nani analia kwa sababu ipi. Mwenyekiti, ambaye dakika chache kabla alikuwa amekwisha habari yake, alifufuka palepale, akarudi juu ya kreti. "Kwa juhudi za kamati yangu," alianza, "watoto wetu wa la kwanza wamerushwa, kwa siku moja, mpaka la…" Akaweka kituo. Alikuwa hajifunzi, Mungu ambariki.

Mwalimu Mkuu hakusubiri kusikia. Alikuwa ameshatoka, ameshika njia fupi, ile ya stendi.

Msichana alimwona kwa mbali, akainama. Mwalimu Mkuu akaja akasimama mbele yake, akangoja. Akangoja mpaka mgongo wa mtoto ukachoka.

"Ndala hazina kamba, mwanangu. Inuka."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Shule ikifunguliwa unarudi."

"Kule siendi, mwalimu. Hata unipige."

"Nani kakutaja kule? Kwetu. Darasa la saba."

"Kwetu la saba halipo."

"Kuanzia leo lipo hilo peke yake. Mdogo wako naye yumo."

Msichana akamtazama kama anayetafuta mahali utani ulipojificha. Alipoukosa, macho yakaanza kumjaa maji, akayatupa kwenye vitana. "Mama kaniambia nisirudi navyo nyumbani. Na shule nayo, atasema mpaka biashara hii iishe."

"Mama yako nitakwenda kuongea naye jioni. Vua huo ubao."

"Mwalimu, wewe hujui kuuza."

"Vua."

Akajivika yeye, kamba ikamkaba kidogo kwenye kilemba. Basi moja lilikuwa limejaa, injini inanguruma, limebakiza kuondoka. Mwalimu Mkuu akalisogelea, akasimama chini ya madirisha, mfupi vile vile, akavuta pumzi.

"Vitana!"

Basi zima likakaa wima. Dereva alizima injini bila kujua kwa nini. Na kwenye dirisha la tatu, mwanamume mwenye ndevu nyingi, ambaye hawakupata kuonana maisha yao yote, akanyoosha kidole juu, akangoja aruhusiwe kusema.